Nilimwambia Baba Mkwe "Nimefurahi Kukufahamu"

Mpendwa Anti Mwanne, shikamoo. Najua meza yako imejaa barua za walioachwa, waliorogwa na waliofumaniwa, yangu haimo katika hayo ila nahisi inaelekea huko huko, kwa hiyo naomba uisome mpaka mwisho kabla hujaanza kucheka, maana kila niliyemsimulia amecheka kwanza ndipo akanipa pole, hata mchungaji.

Mimi ni kijana wa Mpwapwa, napanga Ihumwa, na nimeajiriwa katika kampuni moja hapa mjini Dodoma inayotoa ushauri wa mambo ya fedha, yaani saccos, benki ndogo na vikundi vya kukopeshana vikichanganyikiwa vinatuita sisi, tunakwenda na laptopu na projekta, tunawauliza wanavyofanya kazi, wanatueleza kwa Kiswahili, tunawaandikia kwa Kiingereza yale yale waliyotueleza, wanashukuru. Kazi naipenda, Anti, nisikudanganye, kuna kiyoyozi, na mama yangu kanisani wanamwita Mama Mshauri. Bosi wetu ni Batholomeo, alihamia kutoka Dar es Salaam, anataka wote tumwite Batho, ukimwita bosi ananuna na ukimwita mzee ndiyo kabisa, lakini jaribu kuchelewa kikao cha asubuhi uone kama Batho ni rafiki yako.

Sasa katika kampuni yetu kuna utaratibu mmoja, kabla ya kuanza kazi ya mteja yeyote tunaitwa wote kwenye chumba cha mikutano na Batholomeo anauliza kwa sauti, "Guys, kuna mtu ana ndugu, rafiki au mchumba kwa mteja huyu?" na mwenye naye ananyoosha mkono, anaondolewa kwenye hiyo kazi ili ushauri wetu usiwe na upendeleo. Utaratibu mzuri, sikatai, ila mwenzetu Abbasi aliponyoosha mkono kwa sababu ya shemeji yake alipelekwa kupanga makabrasha stoo kwa muda tu, na mpaka leo yuko stoo, ameshazoea, ana hadi jiko la chai. Basi siku Batholomeo alipotangaza kwamba mteja mpya ni chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa alizeti wa Chamwino, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi, kwa sababu mwenyekiti wa chama hicho ni Mzee Matonya, na Mzee Matonya ndiye baba yake Gladness, na Gladness ndiye mchumba wangu, barua ya posa walishaipokea, nilishakaribishwa kwao nikala, na mzee mwenyewe alinitolea firigisi ya kuku kwa mkono wake akaniwekea kwenye sahani mbele ya ndugu zake wote.

Sikunyoosha mkono, Anti. Niliwaza hivi, mahari haijapokelewa, kwa hiyo kitaalamu huyu mzee bado si mkwe wangu, si ndugu, rafiki ndiyo kabisa siwezi kusema ni rafiki, amenizidi miaka arobaini, na mchumba si yeye. Nikaona niko salama. Mkataba wangu unakaribia kuisha na Batholomeo alikuwa ameshadokeza kwamba kazi hii ndiyo itaamua nani anaongezewa.

Mpango wangu ulikuwa mzee apewe taarifa mapema ili tukikutana tusitoleane macho, lakini unajua mwenyewe kwamba mkwe humpigii simu hivi hivi, unapitia kwa mshenga, na mshenga wangu ni Mjomba Obedi ambaye wiki hiyo alikuwa shambani kwake ambako ili upate mtandao inabidi upande juu ya tanki la maji, na mjomba kwa umri wake hapandi. Nikamwandikia ujumbe, haukufika. Nikasema liwalo na liwe, huenda tutaonana na meneja peke yake.

Tukafika Chamwino, mimi, Batholomeo na mwenzangu Violeth, tumevaa tai, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope, tunaingia ofisini wajumbe wote wa bodi wamekaa na Mzee Matonya yuko pale mbele na koti lake la kahawia. Aliponiona uso ulimchanua, Anti, akaanza kuinuka kitini, akasema, "Aa, mbukwa mwanangu," kama tunavyoamkiana nyumbani kwetu Ugogoni, na mimi nikamwona Batholomeo amegeuka ananitazama. Sijui niliingiwa na nini. Nilinyoosha mgongo, nikatoa mkono mmoja, nikasema, "Habari za asubuhi, Mheshimiwa Mwenyekiti. Naitwa Yotham, mshauri mwandamizi msaidizi. Nimefurahi kukufahamu."

Wajumbe wawili kati ya wale walikuwepo siku ya firigisi. Mzee aliutazama mkono wangu, akakaa tena taratibu, ndipo akaupokea, akasema, "Na mimi nimefurahi. Karibu, mgeni." Na kuanzia hapo kazi nzima sikuwa na jina lingine, ikija chai anaagiza, "Muulizeni mgeni kama anatumia sukari," nikitaka kwenda msalani anamtuma mtu anisindikize, "mgeni asije akapotea," na msalani ni hapo nje unapaona kwa dirisha, na Gladness naye ambaye anafundisha shule ya msingi ya jirani aliingia kidogo kumletea baba yake miwani, akanichekea kwa furaha maana hakujua nimekuja, na kwa kuwa Batholomeo alikuwa kasimama kando yangu ikabidi na yeye nimpe mkono nimwambie nimefurahi kukufahamu dada, akajibu asante kaka, akaondoka, tukaendelea na kikao, na kwa kweli upande wa kazi mambo yalikwenda vizuri sana.

Tatizo lilianza Mjomba Obedi alipotoka shambani na kwenda na wazee wenzake kupanga siku ya mahari. Walipokelewa vizuri, wakapikiwa ugali wa uwele na mlenda, wakala wakashiba, na walipofungua maneno Mzee Matonya akawauliza kwa upole, "Huyo kijana mnayemsemea ni yupi? Maana yupo mmoja alikuja ofisini kwangu juzi, akaniambia mbele ya bodi kwamba ndiyo kwanza tunafahamiana. Kama ni huyo, mtu huwezi kumwoza binti kwa mgeni. Acheni tufahamiane. Rudini mwakani tukishavuna alizeti." Mjomba amerudi amefura, anasema katika maisha yake ya ushenga hajawahi kufukuzwa akiwa ameshiba namna ile. Gladness nikimpiga simu anapokea, anasema, "Samahani, naongea na nani?" Nasema Yotham. Anasema, "Yotham wa kampuni gani?" Halafu anakata.

Na wakati huo huo, Anti, ofisini mimi ni shujaa. Batholomeo alisimama kwenye kikao cha Jumatatu akasema, "Guys, mmemwona Yotham? Mzee anamwita mwanangu, yeye anabaki kwenye kazi. Huo ndio uprofesheno." Wakanipigia makofi. Violeth hakupiga, sijui kwa nini. Na kama zawadi nimepewa mimi ndiye nisome mapendekezo yetu Jumamosi kwenye mkutano mkuu wa wanachama wa kile chama, na pendekezo la kwanza kabisa linasema mwenyekiti amekaa madarakani kupita muda unaoruhusiwa na katiba ya chama chao, apumzike, achaguliwe mwingine. Yaani mimi nisimame mbele ya Chamwino nzima, na projekta, nimwondoe mzee kwenye kiti chake.

Nikikataa itabidi nieleze kwa nini, nikieleza naenda stoo kwa Abbasi au nyumbani kabisa. Nikisoma, hata hiyo alizeti ya mwakani sitaiona. Nimefikiria niugue malaria kuanzia Ijumaa. Sasa swali langu, Anti, je, niugue au nimwambie Batholomeo ukweli, au niombe lile pendekezo la kwanza lipunguzwe makali kidogo, na je, kuna namna ya kumweleza mzee aelewe kwamba ile ilikuwa ni utaratibu wa kazi tu, hakuna ubaya? Nisaidie, silali vizuri. Naomba pia unibadilishie jina.

Mimi niliyechanganyikiwa, Ihumwa.

*

Marahaba, mwanangu. Kumbe kuamkia unajua. Mimi hujawahi kuniona, hujui hata kama ni mkubwa kwako, umenipa shikamoo yangu safi kwenye mstari wa kwanza. Mzee aliyekutolea firigisi umemnyooshea mkono kama unayemuuzia bima.

Uliniomba nisicheke mpaka mwisho. Nimeshindwa hapo kwenye tanki la maji. Jina nimekubadilishia, na la kampuni hukulitaja, lakini usijidanganye kwamba unafichika. Bodi nzima ilikuona. Mjomba wako amesimulia, wajumbe wamesimulia, na mimi niliipata hadithi hii sokoni kabla barua yako haijafika, ila walionisimulia walisema kijana alimpigia mzee saluti. Katika Dodoma yote aliyebaki hajui kwamba Mzee Matonya ni mkwe wako ni Batholomeo peke yake. Na Violeth, mama wee, huyo alishajua siku ile ile. Ndiyo maana hakupiga makofi.

Pole zako nakupa, zichukue. Najua kodi ya Ihumwa imepanda, najua mkataba unaokaribia kuisha unavyomkausha mtu mate, na nimewahi kufanya kazi chini ya mabosi wa aina ya Batho, wale wa kuitwa kwa jina la utani wakati wa kicheko na wa kukuita kwa barua ya onyo wakati wa kazi. Ukimwona Abbasi na jiko lake la chai kule stoo lazima uogope. Kwa hofu sikulaumu.

Nakulaumu kwa hayo mahesabu yako ya "kitaalamu si mkwe." Mtu umekula kwake, barua yako iko kabatini kwake, binti yake unamwita wako, halafu unakaa kwenye kiyoyozi unapiga hesabu kwamba hujafika kuwa ndugu. Hivi wateja wenu huwa mnawashauri hivyo? Na usiisingizie kampuni. Utaratibu wa kampuni yako nimeusoma mara mbili katika barua yako na sioni kosa lake. Unakutaka useme kwamba unamfahamu mtu, basi, ukae pembeni. Haukukutaka umkane. Hata neno "mchumba" bosi wako alilitamka kwa mdomo wake, sijui ulitaka akuimbie. Kukana ulikuongeza mwenyewe, na ulikuongeza kwa sababu ulitaka vyote, mke na mkataba, bila kuchagua hata kwa dakika moja.

Haya, sasa kazi. Malaria sahau. Ukiugua Ijumaa, Violeth atakuletea dawa na maswali.

Kesho asubuhi ingia kwa Batholomeo kabla hajamaliza kuwasha kompyuta yake. Mwambie, Mzee Matonya ni baba wa mchumba wangu, nilipaswa kunyoosha mkono sikunyoosha, naomba nitoke kwenye kazi hii. Usianze na historia ya mtandao wa shambani. Atakasirika, na ana haki, maana umemfanya akusifu mbele ya watu kwa uongo wako. Lakini hebu fikiri atakavyokasirika Jumamosi mwanachama mmoja akinyoosha kidole ukumbini na kuuliza, "Huyo anayetusomea si ndiye aliyeposa kwa mwenyekiti?" Hapo itapotea kazi yako, na ya Batho, na mteja atawarudisha na projekta yenu. Kumwambia mapema ni kumwokoa, na mabosi, hata wa kutoka Dar es Salaam, wakishamaliza kufoka huwa wanalijua hilo. Akikupeleka stoo, nenda stoo. Abbasi anakunywa chai na anaheshimika kwao.

Lile pendekezo usiliguse. Nimeona ulivyolichomeka hapo mwishoni, "lipunguzwe makali kidogo," nikajua hujapona. Kama mzee amekaa kwenye kiti kupita katiba ya chama chao, na asomewe, wakulima wale ndio wenye chama. Ila asomewe na mtu asiyemtaka binti yake. Mpe Violeth, inaonekana ndiye pekee hapo ofisini mwenye macho. Na Mzee Matonya simhofii. Mtu anayeweza kukusindikiza msalani kwa adabu namna ile kiti hakimsumbui.

Tena mzee hajakukataa, msikilize vizuri. Angetaka kukukataa angerudisha barua na wazee wangetoka na njaa. Amewalisha, amewaambia mwakani, na amesema "acheni tufahamiane." Hayo ni maneno ya mtu aliyeumia anayeacha mlango wazi kidogo. Mwombe Mjomba Obedi radhi kwanza, umemdhalilisha mtu mzima, kisha urudi naye Chamwino ukiwa nyuma yake, umevaa kama mtoto wa watu. Piga goti, amkia, kaa chini unapoonyeshwa. Watakutoza faini ya utovu wa adabu, na nataka uipokee bila kupunguziwa. Ukifungua mdomo kusema "ilikuwa ni utaratibu wa kazi tu, hakuna ubaya," mjomba wako na akupige kiwiko kwa niaba yangu. Ubaya ulikuwepo. Mzee aliinuka kitini kwa furaha ya kukuona mbele ya wenzake, ukamkalisha.

Nimemaliza la bosi na la mzee, ambayo ndiyo uliyoniuliza. Sasa nakuja kwa ambalo hukuniuliza, na hapa sicheki tena.

Gladness umemweka katikati ya sentensi moja ndefu, baada ya choo na kabla ya "mambo yalikwenda vizuri sana." Nimesoma barua za ushauri miaka mingi, kidonda cha kweli huwa kinafichwa hapo hapo, katikati, mtu anapita haraka. Msichana ametoka darasani, hajui kama upo, anafungua mlango anakukuta, anacheka kwa furaha. Baba yake anatazama. Wajumbe wanatazama. Wewe unampa mkono unamwambia nimefurahi kukufahamu, dada. Akakujibu asante kaka. Hakukuumbua, na angeweza, ilikuwa ni neno moja tu. Alikutunzia heshima yako mbele ya bosi wako wakati wewe umeitupa yake mbele ya baba yake, kisha akatoka akarudi kufundisha watoto kuhesabu. Halafu katika maswali yako yote, malaria, pendekezo, mkataba, hakuna hata moja linalouliza huyu binti ameumia kiasi gani. Nimelitafuta, mwanangu. Halimo.

Kwa hiyo panga upya foleni yako. Kabla ya Batholomeo, kabla ya Mzee Matonya, leo hii jioni shule ikifungwa, uwe Chamwino. Usimpigie simu, usimtume Obedi, hili halina mshenga. Simama wanapopitia walimu wote, wenzake wakuone. Mwamkie kwa jina lake. Mwambie ulimwona, ulimjua, na ulimkana kwa sababu ulimwogopa bosi. Usitie "lakini" baada ya hapo, na usimweleze habari za mkataba, mkataba anaujua, amekuombea huo mkataba kila Jumapili. Akikugombeza, sikiliza. Akikuacha umesimama, usimfuate mpaka kwao.

Kama unampenda hana shaka, hilo nadhani analijua. Asichokijua ni siku akiwa mke wako, akaingia ofisini kwenu na vumbi la chaki kwenye sketi, na mtu wa maana amesimama kando yako, utasema huyu ni nani. Mimi siwezi kumjibia. Baba yake hawezi. Nenda ukamjibu.